Kivuli si Giza: Namna ya Kuchagua Wino na Maji ya Rangi kwa Sanamu Ndogo za Pango la Noeli



Kila mwaka, mvua zinapoanza kuulowesha udongo mwekundu wa Lubumbashi, watoto wa Kenya, wa Katuba na wa Ruashi hukumbuka jambo moja: Noeli i karibu, na pango la Mtoto Yezu bado halijatengenezwa. Hapo ndipo masanduku ya kale hufunguliwa, udongo wa kichuguu hukandwa, na rangi zilizobaki tangu mwaka uliopita hutazamwa kama bado zafaa au zimekwisha kuwa mawe.

Katika kazi hiyo iko sehemu moja inayowashinda wengi, nayo ndiyo tunayotaka kuizungumza leo: namna ya kutia kivuli katika sanamu ndogo iliyokwisha kupakwa rangi. Wino gani wafaa? Rangi gani ichanganywe na maji, na maji kiasi gani? Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo madogo, yasiyostahili nafasi gazetini. Nasi tulidhani hivyo, mpaka siku ile tulipotiwa aibu na mtoto.

Aibu yetu

Ilikuwa siku tatu kabla ya Noeli, katika parokia moja ya mji wetu. Wanafunzi walikuwa wamefinyanga sanamu kumi na moja kwa udongo wa kichuguu, wakazichoma katika tanuru la matofali, wakazipaka rangi vizuri sana. Kila sanamu ilikuwa na urefu wa shubiri moja. Mama Maria alikuwa na uso wa rangi ya kahawia iliyokoza, kama mama yeyote wa mtaani kwetu, na vazi la buluu. Yosefu alivaa kanzu ya rangi ya udongo. Lakini zote zilionekana bapa, kana kwamba zimekatwa katika karatasi. Macho hayakuonekana, na mikunjo ya nguo, iliyofinyangwa kwa uangalifu mwingi, ilikuwa imepotea.

Basi sisi wenyewe ndio tuliotoa shauri. Tulisema: «Leteni wino mweusi wa kalamu, tieni maji kidogo, mpake juu ya yote, utaingia mikunjoni na kufanya kivuli.» Wanafunzi wakatii. Tukaenda zetu tukifurahi.

Kesho yake asubuhi alikuja mtoto wa kike, wa miaka mitano hivi, ameshikwa mkono na nyanya yake. Akaisogelea meza, akamtazama Mama Maria muda mrefu, kisha akauliza kwa sauti ya chini: «Nyanya, nani amempiga?»

Tulipotazama tuliona neno lake ni kweli. Wino ulikuwa umejikusanya chini ya macho na kandokando ya mdomo, ukakauka na kuacha madoa ya buluu nyeusi. Uso ule mzuri ulikuwa umegeuka kuwa uso wa mwanamke aliyepigwa. Nyanya hakucheka. Alisema tu: «Mfuteni uso, jamani. Watu hawawezi kusali mbele ya uso kama huu.»

Tulijaribu kuufuta, nasi hatukuweza. Udongo uliochomwa ulikuwa umekwisha kuunywa wino wote. Ndipo tulipomwendea mzee mmoja aliyekuwa akiandika vibao vya maduka kwa miaka mingi, mtu ajuaye rangi kama mkulima ajuavyo mvua. Aliishika sanamu, akaigeuza huku na huku, akasema: «Wanangu, mmemtia giza, mlitaka kumtia kivuli. Kivuli si giza.»

Mengi ya haya tuyaandikayo leo tuliyajua kwa kuanzia na neno lake hilo.

Kwa nini sanamu ndogo huhitaji kivuli cha kupakwa

Mtu mzima akisimama juani, pua yake hutia kivuli shavuni, na mikunjo ya nguo yake huwa na mabonde yaliyo meusi kweli kweli. Kivuli hicho ni cha bure. Jua lenyewe hukifanya. Lakini sanamu ya shubiri moja ina mabonde yasiyozidi unene wa ukucha. Mwanga wa kanisani huyafikia mabonde hayo hata chini kabisa, nalo jicho la mtu aliyesimama hatua tano mbali haliyaoni. Ndiyo maana mpaka rangi hana budi kuisaidia sanamu: huyatia weusi kidogo mabonde, na kuzing'arisha kidogo sehemu zilizoinuka, ili jicho lidanganyike kwa namna iliyo njema.

Njia iliyo rahisi ni kupaka rangi nyepesi sana iliyochanganywa na maji mengi, ambayo katika makala hii tutaiita «maji ya rangi». Yakipakwa juu ya sanamu, hutelemka kama mvua itelemkavyo mlimani: huondoka vileleni, hukaa mabondeni. Yanapokauka, maji huenda zake hewani na rangi hubaki pale palipokuwa na maji mengi, yaani mikunjoni. Kazi yote ni kuchagua rangi ifaayo, na kuizuia isikae mahali isipotakiwa.

Wino si mmoja

Kosa letu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba kila wino ni wino. La, hasha. Iko tofauti kubwa, na anayetaka kununua lazima aijue.

Wino wa kalamu ni rangi iliyoyeyuka kabisa ndani ya maji, kama chumvi katika mchuzi. Kwa hiyo hupenya ndani ya udongo na plasta, wala haukai juu. Ukiupaka tena rangi ya maji juu yake, huyeyuka upya na kupanda. Utafunika doa leo, nalo kesho litachungulia tena. Tena wino wa namna hii hupauka upesi juani. Kwa sanamu haufai.

Wino wa Uchina, ambao madukani kwetu huandikwa «encre de Chine», ni kitu kingine. Huo ni masizi laini sana yaliyochanganywa na gundi. Masizi hayayeyuki, huelea tu majini, na yanapokauka pamoja na gundi hushika pale yalipo. Aina nyingi zinazouzwa kwa chupa hazitoki tena kwa maji zikiisha kukauka. Wino huu haupauki hata baada ya miaka mamia. Lakini una nguvu mno: tone moja katika kijiko cha maji latosha kuitia sanamu nzima weusi. Wafaa kwa chuma, kwa kwato za ng'ombe, kwa manyoya meusi na kwa mstari mwembamba wa macho. Haufai kumwagwa usoni.

Kuna pia wino za kahawia za zamani, ambazo wasanii wa Ulaya walizipenda kwa kuchora vivuli. Mmoja ulitoka kwa ngisi wa baharini, yule ambaye wavuvi wa pwani humwona akimwaga wino anapokimbia. Mwingine ulitengenezwa kwa masizi ya kuni yaliyochemshwa majini na kuchujwa, kisha kutiwa utomvu wa mgunga ili ushike. Huu wa pili waweza kujaribiwa na wanafunzi hata leo, maadamu nyumba nyingi bado zina moshi wa kuni. Rangi yake ni ya kahawia ya upole, karibu na rangi ya chai.

Mwisho ziko rangi za chupa au za kibweta: rangi ya maji, guashi, na akriliki. Katika hizi, unga wa rangi umefungwa kwa gundi. Rangi ya maji na guashi hulegea tena zikiguswa na maji. Akriliki ikikauka haiyeyuki. Kwa hiyo mwenye kupaka sanamu kwa guashi asimwage maji ya rangi juu yake mara moja, asije akaivuruga kazi yote. Kwanza aifunike kwa vanishi nyembamba, aiache ikauke, ndipo atie kivuli.

Nasi tungemshauri kila mzazi mwenye fedha kidogo hivi: ukiweza kununua chupa moja tu kwa ajili ya kivuli, usinunue nyeusi. Nunua kahawia ya udongo uliochomwa, iitwayo madukani «terre d'ombre brûlée». Ni udongo wenye chuma na manganizi ndani yake; haupaukishwi na jua, na hupatana na karibu rangi zote. Ukiweza kuongeza ya pili, nunua «terre de Sienne brûlée», ambayo ni kahawia yenye wekundu wa tofali. Hiyo ndiyo ya nyuso.

Kila rangi ina kivuli chake

Yapata mwaka 1400, mchoraji mmoja wa Italia, Cennino Cennini, aliandika kitabu cha kuwafundisha wanafunzi ufundi wa rangi. Katika kupaka nguo ukutani, aliwaagiza waandae vibakuli vitatu: kimoja cha rangi yenyewe ikiwa kali, na viwili vya rangi ile ile iliyozidishiwa nyeupe hatua kwa hatua. Kile cha rangi kali ndicho kilichotiwa mikunjoni. Angalieni vema: kivuli cha vazi jekundu kilikuwa wekundu wenyewe ulio mzito.

Ukitoka nje saa kumi jioni utaona kwamba alisema kweli. Kivuli cha nguo ya kijani bado ni kijani. Kivuli cha ukuta wa matofali bado kina wekundu. Basi mwenye kupaka sanamu afuate hayo:

Vazi la buluu la Mama Maria litiwe kivuli kwa buluu nzito, na tone dogo la kahawia ndani yake ili lisipige kelele.

Vazi jekundu litiwe kivuli kwa wekundu wa damu ya mzee au kahawia nyekundu. Ukitumia nyeusi, vazi litaonekana limechafuka.

Nyeupe ndiyo ngumu kuliko zote. Kondoo na nepi za Mtoto vitiwe maji ya kahawia hafifu kabisa, au ya kijivu chenye buluu kidogo. Hapa matone mawili yakizidi, kondoo atakuwa ametoka shimoni.

Dhahabu ya mamajusi hupendeza kwa kahawia nyekundu, nayo majani, kuni na hori hupendeza kwa kahawia ya udongo uliochomwa.

Wako watu ulimwenguni ambao hupaka sanamu ndogo kuliko hizi zetu, askari wa michezo ya mezani wasiozidi urefu wa kidole gumba. Kampuni ya Games Workshop ya Uingereza huwauzia maji ya rangi yaliyokwisha kutengenezwa, kila chupa na kazi yake: nyeusi kwa silaha za chuma, kahawia kwa ngozi na mbao, na kahawia nyekundu kwa nyuso. Wale hawawazi habari za Noeli hata kidogo, walakini jicho limewafundisha lile lile alilotwambia mzee wetu wa vibao: kwa uso, usitumie nyeusi.

Hazina iliyo karibu nasi

Tusidhani kwamba ufundi huu lazima utoke mbali. Katanga yetu ina historia ya rangi inayostahili kusimuliwa mezani, watoto wakisikia.

Mwaka 1926 huko Bukama, Mbelgiji mmoja mtumishi wa serikali, Georges Thiry, aliona nyumba zilizochorwa picha kutani. Alijua kwamba picha za ukutani hazidumu, maana mvua huzifuta. Akampa mchoraji mmojawapo, Albert Lubaki, aliyekuwa mchonga pembe za ndovu, karatasi na rangi za maji. Lubaki akachora watu, wanyama na miti kwa rangi nyepesi, na mwaka 1929 picha zake zilionyeshwa mjini Brussels. Mkewe Antoinette naye alichora. Hawa walikuwa miongoni mwa Wakongo wa kwanza kujulikana kwa majina kwa kazi za rangi ya maji juu ya karatasi.

Baadaye, mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji hapa mjini, ambao siku zile uliitwa Elisabethville. Watu waliiita «Le Hangar». Yeye hakupenda wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Alitaka kila mmoja atafute mkono wake mwenyewe. Na kweli waliupata. Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa mwaka 1914, alichora ndege, samaki na nyoka, akajaza nyuma yao nukta nyingi ndogo. Mwenze Kibwanga, aliyezaliwa mwaka 1925, alijenga miili ya watu na wanyama kwa mistari mifupi iliyolala sambamba, kwa rangi chache za udongo. Bela, aliyetoka upande wa Chad, aliacha brashi akapaka kwa ncha za vidole. Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954, na wachoraji wake wakaingia katika shule ya sanaa iliyokuwa imeanzishwa hapa mjini mwaka 1951 na Mbelgiji Laurent Moonens.

Mwenye kupaka sanamu aweza kujifunza kwao jambo la manufaa sana. Kivuli hakipatikani kwa kumwaga tu; chaweza kujengwa. Pale ambapo maji ya rangi yanakataa kukaa, kwa mfano kwenye bega la mviringo, fuata njia ya Mwenze: weka mistari myembamba karibu karibu, na jicho litaiunganisha. Juu ya manyoya ya kondoo fuata njia ya Pilipili: nukta kwa nukta. Na yakizidi mahali, kumbuka vidole vya Bela: yaondoe kwa ncha ya kidole kabla hayajakauka.

Tena wanawake wa vijiji vyetu hawakungoja chupa za dukani. Katika Makwacha, kijiji kisicho mbali na Lubumbashi, wao hupamba kuta za nyumba zao kwa udongo wa rangi mbalimbali. Udongo mwekundu na wa manjano hupata rangi yake kwa chuma kilichomo, na pemba nyeupe inayouzwa sokoni ni udongo laini vile vile. Ukisagwa, ukachujwa kwa kitambaa, ukatiwa gundi, udongo huo ni rangi halali ambayo jua haliwezi kuipausha.

Lakini hapa twatoa onyo. Katanga ina pia malakiti, lile jiwe la kijani la shaba ambalo watu wa kale walilisaga kuwa rangi. Wanafunzi wasilisage! Vumbi lake ni sumu likivutwa puani au kumezwa. Hata neno «miniature», ambalo kwa Kifaransa ni picha ndogo ya vitabu vya kale, limetokana na «minium», rangi nyekundu ya risasi, nayo ni sumu vile vile. Basi mtoto asilambe brashi kamwe ili kuichonga ncha, hata kama rangi ni ya dukani.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Kwanza, ziba vinyweleo. Udongo uliochomwa na plasta hunywa maji. Kabla ya rangi yoyote, paka gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji, uache ikauke usiku mzima.

Pili, paka rangi za msingi, bapa, angavu kidogo kuliko unavyotaka mwishoni; maana maji ya kivuli yatazipunguza mwanga.

Tatu, funika kwa vanishi nyembamba inayong'aa. Uso laini huyaacha maji yateleze na kushuka mikunjoni. Uso wenye kukwaruza huyashika na kutia madoa kila mahali.

Nne, changanya maji ya rangi katika kifuniko cha chupa. Anza na tone moja la rangi kwa matone kumi ya maji, uongeze rangi ukiona haja. Ikiwa ni akriliki, tia pia gundi kidogo, kwa maana rangi iliyozidishiwa maji hupoteza gundi yake na kutoka kama vumbi. Tia sabuni ya maji kwa ncha ya kijiti cha meno, si zaidi. Maji matupu hujikunja na kuwa matone, kama umande juu ya jani la muhogo. Sabuni huyalegeza yatandae.

Tano, jaribu mahali pasipoonekana: mgongoni mwa Yosefu, au chini ya tumbo la punda. Sisi hatukujaribu, na mnajua yaliyotupata.

Sita, paka sehemu moja moja, si sanamu nzima. Uwe na brashi ya pili iliyo safi na yenye unyevu tu. Yakijikusanya maji mahali, yaguse kwa brashi hiyo nayo itayanyonya. Msiyaache yakauke yakiwa kidimbwi, kwa kuwa ukingo wa kidimbwi hukauka upesi kuliko katikati, na maji hukimbilia ukingoni yakibeba rangi. Kisha hubaki duara chafu, kama alama ya kikombe cha kahawa mezani.

Saba, subiri. Tabaka tatu hafifu zafaa kuliko moja nzito, na kila tabaka ikauke kabla ya inayofuata. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Na katika kazi hii kibaba hakitaki kujazwa hata kidogo kwa mkupuo mmoja.

Nane, rudisha mwanga. Chukua rangi ya msingi, uitie weupe kidogo, uguse sehemu zilizoinuka tu: magoti, mabega, ncha za mikunjo. Kisha maliza kwa vanishi isiyong'aa.

Yafaa pia kuangalia majira. Kazi ya Noeli hufanywa katika masika yetu, hewa imejaa unyevu, na tabaka linaloonekana kavu huenda bado ni bichi ndani. Likiguswa mapema, hung'oka. Aanzaye kazi siku tatu kabla ya sikukuu amekwisha kujifunga mwenyewe. Katika kiangazi, Juni na Julai, hatari ni nyingine: maji hukauka kabla ya kushuka mikunjoni, na vumbi jekundu hukaa juu ya vanishi mbichi. Hapo ongeza maji kidogo, na uifunike sanamu kwa sanduku la karatasi.

Uso wa kahawia

Tumeuacha uso mpaka mwisho, kwa sababu ndio ulio na uzito kuliko yote.

Sanamu nyingi zilizoletwa zamani kutoka Ulaya zilikuwa na nyuso nyeupe, na mafundi wake walizitia kivuli kwa waridi na kahawia hafifu. Vitabu vingi vya ufundi vimeandikwa kwa nyuso hizo. Anayevifuata neno kwa neno kwa uso wa Kiafrika hupotea, na mara nyingi hujitetea akisema: «Uso ni mweusi, basi kivuli chake kiwe cheusi zaidi.» Ndivyo tulivyofikiri.

Mtazameni mama ameketi mlangoni jioni. Mashimo ya macho yake na upande wa shavu usio na jua si meusi. Ni ya kahawia yenye joto na wekundu, kama mbao ya mninga iliyopakwa mafuta. Na kinachoonyesha umbo la uso wake zaidi ya kivuli ni mwanga: juu ya paji, juu ya mfupa wa shavu, kwenye ncha ya pua, juu ya mdomo wa chini. Uso mweupe huchorwa kwa vivuli vyake. Uso wa kahawia huchorwa hasa kwa nuru yake.

Basi fanyeni hivi. Rangi ya msingi iwe kahawia ya kati, si nzito mno. Maji ya kivuli yawe kahawia nyekundu, na buluu nzito kidogo sana kwa mashimo ya ndani, pasipo nyeusi. Yapakwe chini ya nyusi, kandoni mwa pua, chini ya kidevu na mahali uso ukutanapo na kitambaa cha kichwa. Chini ya macho msiyaache yakae hata kidogo. Ndipo huzaliwa uchovu na mapigo. Kisha mpake nuru kwa kahawia iliyotiwa manjano, wala si nyeupe tupu, kwa maana nyeupe juu ya kahawia huwa kijivu kama majivu.

Mwisho wa habari yetu

Mzee yule wa vibao alikaa nasi usiku mmoja na nusu. Kwanza aliufunika uso wa Mama Maria kwa vanishi ya mafuta, ili wino wetu wa kalamu usipande tena, akaungoja ukauke karibu na jiko la makala, lakini si karibu sana. Kisha akapaka uso upya. Mkono wake ulitetemeka kwa uzee mpaka brashi ilipogusa udongo, hapo ulitulia. Tulipomwuliza kwa nini anaweka matabaka mengi namna ile juu ya uso usiozidi ukucha wa kidole gumba, alijibu: «Mwanangu, kibao cha duka nikikosea, mwenye duka atanidai fedha zake. Huyu hatanidai kitu, na ndiyo sababu naogopa.»

Tangu Mtakatifu Fransisko wa Asizi alipofanya pango huko Greccio mwaka 1223, watu wa kila nchi wamewafanya Yezu, Maria na Yosefu wafanane na watu wa kwao. Huko Marseille, Jean-Louis Lagnel, aliyefariki mwaka 1822, alifinyanga sanamu ndogo kwa kalibu, akawaweka pangoni watu wa soko la mji wake. Nasi tunao udongo, tunazo rangi, tunao wachoraji wa kuwafuata. Lakini tukiwapa watoto wetu uso wa kahawia ulio mchafu, tunawafundisha bila kusema neno kwamba weusi na uchafu ni kitu kimoja. Huo ni uongo, na mtoto huusadiki upesi kwa kuwa ameuona mahali patakatifu.

Usiku wa Noeli mtoto yule alirudi na nyanya yake. Hakuuliza swali tena. Alisimama mbele ya pango, akautazama uso wa Mama Maria, kisha akageuka kumtazama nyanya, kisha akaurudia ule wa sanamu. Nyanya akamwambia: «Haya, piga magoti.» Akapiga.

Sanamu ile ipo bado. Mgongoni, chini ya vazi la buluu, limebaki doa dogo la wino wetu ambalo mzee alikataa kulifunika. Alisema liwakumbushe wanafunzi wajao wajaribu kwanza mahali pasipoonekana.